Niliijaribu Galaxy Zoo kabla ya kumruhusu binti yangu asomee nyota

Binti yangu wa pili yuko kidato cha tano, anachukua PCM (fizikia, kemia na hisabati), na alipokuja likizo ya Pasaka alitutamkia jikoni kwamba anataka kusomea nyota. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anamenya ndizi, aliweka kisu chini akauliza, "Kwa hiyo utakuwa unatupigia ramli?" Kwetu mtu wa nyota ni mnajimu, yule wa kukwambia siku njema ya kusafiri na nani kakufungia biashara. Binti akasema, "Hapana, Bibi, mwanaastronomia. Anachunguza nyota zinazaliwaje na zinakufaje." Bibi akaitikia haya, akarudi kwenye ndizi zake. Mimi usiku huo sikulala. Ada nalipa mimi, kutokana na kaduka ka vifaa vya shule hapa Moshi, na nilitaka jibu la swali moja tu: mtu wa kazi hiyo akiamka asubuhi, anakwenda kufanya nini?

Binti hakubishana. Alichukua simu yangu, akafungua Galaxy Zoo, akasema, "Mama, usiniulize mimi. Jaribu mwenyewe." Akarudi shule, simu ikabaki na mimi. Sasa imetimia miezi mitano, naitumia karibu kila usiku nikishafunga duka, kwa hiyo naandika kama mtu aliyekaa nayo.

Ni huduma ya bure ya kwenye intaneti. Huhitaji kujisajili ili uanze, ingawa ukijisajili wanakutunzia hesabu ya kazi yako. Unaletewa picha ya galaksi moja, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota kama huu wetu wa Njia Nyeupe, halafu unaulizwa. Swali la kwanza: ni laini na mviringo, au ina umbo ndani yake, kama sahani? Au pengine si galaksi kabisa, ni nyota au kasoro ya picha? Ukijibu sahani, maswali yanaendelea. Tunaiona kwa ukingo? Ina kama kijiti kinachopita katikati? Ina mikono iliyojipinda? Mingapi, imebana au imelegea? Kiini chake kikubwa kiasi gani? Inagongana na jirani? Unagusa majibu, inakuja nyingine. Basi. Hakuna muziki wala pointi, na hakuna anayekupigia makofi.

Hapa lazima niseme nilikotoka, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilinasa. Kabla ya duka nilichambua kahawa kiwandani kwa miaka tisa. Buni inapita mbele yako, na kazi yako ni jicho na vidole viwili: nyeusi toa, iliyotobolewa na mdudu toa, iliyovunjika toa. Mashine ilishapanga kwa ukubwa, AA, zile punje kubwa, huku, PB, zile za duara, kule, lakini kuharibika kulionwa na jicho. Ukizoea, kidole kinafika kwenye punje mbovu kabla akili haijasema ni mbovu. Usiku wa tatu wa Galaxy Zoo nilishtukia kidole kinafanya vilevile. Kigalaksi kilicholala ubavu, chembamba kama sindano, nilikuwa nimeshakigusa kabla sijasoma swali.

Ila usidanganywe na picha nzuri za magazetini. Nyingi utakazoletewa ni doa. Doa la njano, doa la kijivu lililofifia, doa lenye kivuli ambacho labda ni mkono na labda ni macho yako yamechoka. Ziko mbali mno. Kwa kila galaksi moja yenye mikono ya kupendeza, yenye vinundu vya buluu kama shanga, mimi nilipitisha madoa ishirini. Mtu anayetafuta burudani ataondoka siku ya kwanza.

Na ndiyo maana nikataka kujua nani alifikiri kazi kama hii inaweza kugawiwa watu wa mitaani. Nikapata kisa cha Kevin Schawinski. Mwaka 2007 alikuwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, Uingereza. Galaksi za mviringo kwa kawaida ni nyekundu, kwa sababu nyota za buluu ni kubwa, zinachoma haraka na kufa mapema. Pasipozaliwa mpya, zinabaki nyekundu za wazee. Yeye alitaka zile chache za mviringo ambazo bado ni za buluu, yaani bado zinazaa. Kompyuta za wakati ule hazikuaminika kutenganisha maumbo. Akakaa, akatazama galaksi 50,000 kwa macho yake, kwa muda wa kama wiki moja. Elfu hamsini! Sisi kiwandani tulikuwa tunalalamika na tulikuwa tumekaa pamoja, tunaimba. Na bado zilikuwa zimebaki karibu laki tisa, zote zimepigwa na darubini ya mradi wa Sloan iliyoko New Mexico, Marekani, yenye kioo cha mita 2.5. Yeye na mwenzake Chris Lintott wakalizungumza jambo hilo baa, na Julai mwaka huohuo huduma ikafunguliwa. Siku haijaisha, majibu yalikuwa yanaingia kwa kasi ya 70,000 kwa saa. Mwaka wa kwanza yalipita milioni 50, kutoka kwa watu zaidi ya 150,000.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza nikalipata. Mwanaastronomia si mtu anayesimama juu ya mlima akichungulia darubini usiku kucha. Darubini inapiga picha yenyewe. Yeye anakaa mezani anapanga, anahesabu, anatilia shaka hesabu yake, anahesabu tena. Hiyo naijua. Hiyo ni kazi.

Jambo moja litakukera, na mimi lilinikera wiki mbili nzima: hakuna anayekwambia umepatia au umekosea. Kiwandani msimamizi alikuwa anapita na kimkono chake cha chuma, anachota, anatazama, anakunja uso. Hapa kimya. Nilipomlalamikia binti kwa simu ya matroni, alicheka. "Mama, hata wao hawalijui jibu. Ndiyo maana wanakuuliza." Picha moja inapelekwa kwa watu wengi, katika duru ya kwanza ilikuwa wastani wa kama 38 kwa kila galaksi. Wakisema mikono ipo karibu wote, sawa. Wakigawanyika nusu kwa nusu, mgawanyiko wenyewe unaandikwa, kwa sababu nao unamwambia mtafiti jambo. Kukosea kwako kunamezwa na wengi.

Isipokuwa wote wakikosea upande mmoja! Hiki ndicho kisa kilichonifanya niwaamini hawa watu. Mwanzoni watu waliulizwa galaksi inazunguka upande wa saa au kinyume. Matokeo yakaonyesha zinazozunguka kinyume ni nyingi zaidi, na ingekuwa kweli ingetikisa elimu nzima, kwa sababu ulimwengu hautarajiwi kupendelea upande. Kabla ya kushangilia, wakachukua baadhi ya picha, wakazigeuza kama kwenye kioo, wakawaletea watu wazitazame. Kama tofauti ilikuwa mbinguni, ingegeuka nayo. Haikugeuka. Watu waliendelea kuona kinyume cha saa kwa wingi. Kasoro ilikuwa kwenye macho yetu, na wakalichapisha hilo waziwazi. Mimi najua jicho la saa nane mchana, baada ya makande, linavyoona kila punje ni nzima. Sikujua kama kuna watu wanaolipima.

Mambo yaliyopatikana kwa njia hii si ya kitoto. Hanny van Arkel, mwalimu wa shule wa Uholanzi, aliona doa geni chini ya galaksi iitwayo IC 2497 akauliza ni nini. Wataalamu hawakujua. Likaitwa Hanny's Voorwerp, maana voorwerp kwa Kiholanzi ni kitu tu, "kitu cha Hanny". Likaja kueleweka kuwa ni wingu la gesi lililowashwa na mwanga mkali wa kiini cha galaksi ile jirani, kiini ambacho chenyewe kimeshafifia. Ni kama umezima koroboi ndani, na mwanga wake wa mwisho ndiyo kwanza unafika kwenye ukuta wa jirani. Wengine wakaanza kukusanya vidoa vya kijani vya duara, wakaviita njegere. Mwaka 2009 zilitangazwa rasmi kama kundi la galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi ya ajabu. Unaona, hata kule PB ilikuwepo! Punje ya duara iliyokuwa peke yake ndani ya tunda, ambayo asiyejua angeitupa.

Kuna kitu kimoja hakijakaa sawa moyoni mwangu. Kiwandani kwetu mashine ya kupanga kahawa kwa rangi ilipoingia, tulikuwa wanawake mstari mzima; msimu uliofuata tuliitwa wachache, na mimi sikuwemo. Sasa Galaxy Zoo nayo ina programu, Zoobot, iliyofundishwa kwa majibu ya watu kama mimi. Darubini ya Ulaya ya Euclid, iliyorushwa angani Julai 2023, inapiga galaksi nyingi kiasi kwamba watu peke yao hatuwezi, kwa hiyo tangu 2024 Zoobot inapitia picha zake, zile rahisi inazimaliza, na zinazoitatiza zinaletwa kwetu. Nilipolisoma hilo niliizima simu siku nne. Nikarudi. Hapa hakuna aliyekuwa ananilipa, na tofauti na msimamizi wangu, hawa wamesema wazi kazi ya mikono yangu inakwenda wapi. Lakini mchangiaji yeyote anastahili kulijua hilo kabla hajaanza, si baada ya miezi.

Mengine kwa haraka. Bando la elfu moja linanitosha usiku mzima na linabaki. Kompyuta ni bora kuliko simu. Kioo cha simu yangu kina ufa, na nina hakika kuna galaksi kadhaa nilizozipa kijiti katikati ambacho ni ufa wangu. Maswali nimeyafanya kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini kila jibu lina kijimchoro pembeni, ukiuelewa mchoro umemaliza. Mafunzo ya mwanzo yasome, usiyaruke kama mimi. Nuru ya chumba punguza.

Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya madoa.

Likizo iliyofuata binti alirudi, tukakaa wawili na simu mbili. Ikatokea galaksi moja ya manjano, imefifia, na upande wa kushoto kama kuna uzi. Nikasema laini. Akasema, "Mama, huo ni mkono, tazama vizuri." Nikamwambia mimi nimechambua vitu tangu wewe hujazaliwa. Akaitafuta kwenye simu yake hakuipata, mimi nikajibu laini, ikaondoka, na nafasi ya kujua nani alikuwa sahihi ikaondoka nayo. Fomu za chuo hatujajaza bado. Ule uzi tumeubishania mpaka alipopanda basi la kurudi shule.