Sonara wa Old Kampala aliyeniokolea pete yangu ya ndoa

Nyie mnaouliza kila siku hapa Kampala sonara wa kuaminika yuko wapi, mimi wangu nimempata. Yuko Old Kampala, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba kabisa, na duka lenyewe ni meza moja, taa na mizani.

Pete yangu ni dhahabu nyeupe, ndani ina mhuri wa 750, mume wangu aliinunua tulipotoka kutambulishana kwetu Busia. Mwaka wa pili ule upande wa kiganjani ukaanza kuwa wa njano njano hivi, jamani nililia. Nikaipeleka kwenye duka moja mjini, yule kijana hata hakuipima, akaitazama tu akasema mama hii ni shaba imechovywa, niachie nikupe kitu kidogo. Nilirudi nyumbani nikanuna siku tatu na mume wangu maskini hajui hata kosa lake ni nini.

Sasa huyu mzee wa Old Kampala swali lake la kwanza lilikuwa, "mama, unafua nguo na pete mkononi?" Nikamwambia ndio mzee, kila Jumamosi, na jiki. Akatikisa kichwa. Akatoa jiwe jeusi laini, akaisugua pete kidogo tu kwa ndani ikaacha mstari, kando yake akachora mstari mwingine kwa sindano yake ya karati 18, yaani yenye ncha ya dhahabu ya kiwango kilekile cha 750 ya kulinganishia, halafu akadondoshea asidi yote miwili huku natazama. Mistari ikabaki vilevile, wa kwangu na wa sindano. Akaniambia shaba ingefutika hapo hapo. Nikamuuliza vipi kuhusu sumaku maana ndo watu wanavyopima, akasema dhahabu kweli haishikwi na sumaku lakini hata shaba haishikwi, kwa hiyo hiyo peke yake haikusaidii.

Kumbe dhahabu asili yake ni njano siku zote. Ile ya karati 24, yaani dhahabu tupu, ni laini mno kwa pete, kwa hiyo wanachanganya, na 750 maana yake kwenye sehemu 1000 dhahabu ni 750, zinazobaki ni madini mengine kama paladiamu au nikeli ya kuipausha, na bado inabaki na unjano kidogo, ndo maana juu wanapaka rodiamu, madini ya ukoo mmoja na platinamu. Hiyo rodiamu ni ngozi nyembamba tu, inalika kwa kuvaa. Na jiki ni mbaya zaidi kwa sababu klorini yake inakula yale madini yaliyochanganywa hadi vile vikucha vya kushika jiwe vinaweza kupasuka, na cha kwangu kimoja kilishaanza kulegea!

Akakikaza, akaipaka rodiamu upya, 80,000 zote pamoja, na akaipima uzito mbele yangu kabla na baada. Hilo la mizani ndo lililonipa imani naye kuliko maneno yote, maana wangapi wanakuchukulia pete wanaingia nayo nyuma ya pazia?

Nilikuwa pia na bangili ya fedha ya marehemu mama, nyeusi tii, nilidhani imekufa. Hakuisugua. Aliweka foili ya alumini kwenye bakuli, akaiweka bangili juu yake iguse foili, akanyunyiza soda ya kuokea, ile ya keki, akamwaga maji ya moto. Ikatoka harufu ya yai viza, akasema ni salfa hiyo inatoka kwenye ule weusi, na baada ya dakika chache nikauona mhuri wa 925, yaani fedha ni 925 kwenye sehemu 1000, mhuri ambao sijawahi kuuona maisha yangu yote. Nilishindwa kuongea. Lakini akanionya, zenye lulu au mawe yaliyobandikwa kwa gundi usizifanyie hivyo, hizo unafuta kwa kitambaa laini tu.

Ubaya wake ni foleni, na kupaka rodiamu kunahitaji umeme, siku yangu umeme ulikatika saa tano asubuhi, hana jenereta, ikabidi nirudi kesho yake na nauli tena. Pia hatoi risiti mpaka uombe, nyie ombeni, iandikwe na uzito na karati. Jumamosi anafunga mapema, mimi dada yangu nampeleka Jumanne na mkufu wake.