Mbolea ya ruzuku: bei sina shida nayo, shida ni listi

Nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za bei. Mfuko wa kilo 50 hapa Kenya ulikuwa umepita shilingi 6,000 huko 2022, serikali ikaleta ya ruzuku ya 3,500 Septemba ya mwaka huo, alafu Agosti 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Kwa mtu wa mahindi huku North Rift hiyo si mchezo, mbolea ya DAP ya kupanda na ile ya CAN ya kuongezea mahindi yakishaota ndio humaliza pesa kabla hata hujamlipa mtu wa trekta.

Kama hujawahi jaribu iko hivi. Unaenda kwa chifu na kitambulisho, unaandikwa namba ya simu, unalima nini, ekari ngapi, unaingizwa KIAMIS, ile rejista ya wakulima ya wizara. Msimu ukifika unangoja SMS ya vocha, inakuambia mifuko yako ni mingapi, unaenda depo unalipa na M-Pesa unabeba. Ukielezewa hivyo unaona kazi imeisha.

Sasa hizo ekari ni zile umetaja kwa mdomo wako. Mimi nilisema 2 juu ni 2. Aliyesema 10 sikuona mtu akija na kamba kumpimia. Na mifuko inafuata ekari, kwa hivyo mwenye shamba kubwa ndio anakula punguzo kubwa, wa robo ekari anatoka na kamfuko kake. Sisemi mkubwa asipewe, mahindi yake pia tunakula, lakini tusidanganyane eti pesa yote hii ni ya mkulima mdogo.

Wenye wameumia kabisa ni sisi wa kukodisha. Mwaka juzi niliongeza ekari 3 za mtu, yeye anakaa mjini, jembe mara ya mwisho kulishika sijui alikuwa primary, lakini kwa rejista mkulima ni yeye, vocha ikaingia kwa simu yake. Akanipigia, "Kuna mbolea hapa, nipe 3,500 kwa mfuko." Yaani 1,000 juu ya kila mfuko kwa kusoma SMS tu! Nilitoa, ningefanya nini na mvua ilikuwa imeshaanza.

Depo yenyewe sasa. Foleni tulishika saa kumi na moja asubuhi, mbele yangu mama mmoja mzee ana kasimu kamefungwa na rababendi, alifika dirishani saa nane mchana akaambiwa, "Mama, hauko kwa sistimu." Kumbe aliyeandikishwa ni mzee wake, laini ni ya mzee, na mzee amezikwa mwaka uliopita. Vocha iko, inaenda kwa simu iliyozimwa. Kijana wa dirishani hakuwa na makosa, alimwelekeza vizuri tu arudi kwa chifu abadilishe namba, lakini kurudi kwa chifu ni nauli na siku nyingine, na kwake shamba lilikuwa limeshalimwa linangoja mbegu. Kama umefiwa ama umebadilisha laini, nenda urekebishe Januari, usingoje msimu.

Ubora siwezi lalamika, yangu iliyeyuka na mahindi yakawa ya kijani, ingawa baada ya ile kashfa ya mbolea feki ya 2024 siku hizi kila mtu anafungua mfuko hapo hapo anasugua kwa kiganja kama ataona mchanga.

Kingine ni wakati. DAP nilipata sawa, CAN ndio ilikuja mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Hiyo CAN ya 2,500 bado iko stoo mifuko 4, nimeipandisha kwa mbao isishike unyevu. Ya kuweka shambani nilinunua duka la kawaida kwa bei ya duka.