Vanguard na RAV4 ya zamani: tukague mkanda wa nyuma na bolti zake

Karibuni tena watazamaji. Mnaoendesha Toyota Vanguard, au RAV4 ya kizazi cha tatu, zile ACA31, ACA33, ACA36 na ACA38, video hii ni yenu. Kama watoto wanakaa siti ya nyuma, itazameni mpaka mwisho.

Februari 2016 Toyota ilitoa rikoli, yaani iliyaita magari yarudi kurekebishwa, kama milioni 2.87 duniani kote. Sababu ni mkanda wa siti ya nyuma. Gari likigonga kwa nguvu upande wa mbele, mkanda wa abiria wa dirishani unaweza kugandamizwa kwenye fremu ya chuma ya mto wa siti ukakatika. Mkanda wenyewe hauna kasoro, bolti haina kasoro, na loki inashika vizuri. Kosa liko kwenye umbo la chuma kilicho jirani. Dawa waliyoleta ni kifuniko cha plastiki ngumu kinachovalishwa juu ya fremu hiyo, ili utepe wa mkanda usikutane na chuma.

Tukikichambua kama bidhaa, mimi nakipa alama nzuri. Hakichukui nafasi, hakigusi waya wala mfumo wa mfuko wa hewa, na kinaondoa chanzo cha tatizo. Ila tuelewane: hakiongezi nguvu ya mkanda, na hakisaidii chochote kama bolti ya chini imelegea au bodi imeliwa na kutu. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoishia njiani. Wanavalisha kifuniko na kufunga mlango, bolti hawajaziangalia.

Kwanza, je, gari lako lilishafanyiwa? Chukua namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Magari yaliyotumika Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17. Yana muundo kama ACA33 halafu kistari na namba. Kwa hiyo ukiiingiza kwenye tovuti ya rikoli ya Marekani itakataliwa, na kukataliwa huko hakumaanishi gari ni salama. Tafuta ukurasa wa rikoli wa Toyota Japani, andika namba hiyo hapo, na kama husomi Kijapani tumia tafsiri ya simu. Kisha nenda kwenye gari lenyewe. Vaa glavu, sogeza siti, washa tochi, pitisha vidole kwenye ukingo wa fremu upande wa mlango, kulia na kushoto. Ukigusa chuma kitupu, chukulia kwamba kazi haijafanyika mpaka kumbukumbu za Toyota ziseme vingine. Nenda kwa wakala rasmi na namba ya chesisi mkononi. Habari za kukata mpira wa bomba la maji na kuufunga kwenye fremu na zip tai badala ya kifuniko, hapana. Mpira huo unahama siti inapokunjwa, na hakuna aliyeujaribu kwenye mgongano.

Sasa bolti, na hapa nitakaa kidogo.

Hii mkononi ni bolti ya mkanda. Siyo M10 wala M12, yaani za milimita 10 au 12. Ni ya inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa kila inchi, na karibu dunia nzima ya magari madogo inatumia hiyo hiyo, hata Wajapani ambao kila kitu kingine chao ni milimita. Unene wake ni milimita 11.1. Ndiyo maana bolti ikipotea na fundi akachukua M10 kwenye kopo, inaingia, inazunguka, mwishoni inakuwa kama imeshika. Haijashika. Imekamata ncha za meno tu. Na M12 ukiilazimisha inakula meno ya nati, na nati yenyewe imechomelewa ndani ya bodi usikofika kwa mkono.

Mpangilio wake tazameni kwa makini, nakuja karibu na kamera. Kuna bolti, kuna bamba la mkanda, kuna bushi au bega la bolti linalopita katikati ya tundu la bamba, na kwenye sehemu nyingine kuna washa, yaani kipete cha chuma, yenye mawimbi. Kazi ya bega hilo ni kuacha bamba lizunguke hata bolti ikiwa imekazwa mpaka mwisho. Jaribu hivi: kaza, kisha shika bamba ulizungushe kwa vidole. Linatakiwa kucheza kufuata mvuto wa mkanda. Likiwa limegoma kabisa, kuna kitu kimepangwa vibaya, mara nyingi washa imekaa upande usio wake au zulia limebanwa chini ya bamba. Bamba lililogoma linaupinda utepe ukingoni, na siku ya ajali nguvu yote inaanguka kwenye ukingo mmoja. Kabla ya kufungua piga picha ya mpangilio. Inachukua sekunde mbili.

Kukaza: kwenye vitabu vya Toyota bolti nyingi za mkanda zinakazwa niutoni mita 42. Kama huna spana ya torki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpini wa sentimita 25 hiyo ni sawa na kusukuma kama kilo 17 kwenye ncha. Haifiki nguvu zako zote, na kuongeza bomba kwenye mpini ni kuivuta bolti ipoteze uimara wake. Anza kwa mkono, mizunguko mitano au sita bila spana. Ikikataa, toa, safisha meno ya nati kwa tepu ya 7/16-20, yaani kile chombo cha kuchongea meno ya ndani, rudia. Meno yakiwa yamekwisha, hiyo ni kazi ya fundi bodi anayebadilisha nati pamoja na bamba lake la kuimarisha. Nati ya dukani iliyochomelewa kwenye bati jembamba itang'oka na bati lake. Sheria ya Marekani inataka vishikizo vya mkanda wa nyonga na bega vihimili zaidi ya niutoni 13,000 kwa kila sehemu ya mkanda, yaani zaidi ya tani moja na robo ya uzito. Bati tupu halina uwezo huo.

Kutu nayo. Magari ya Mombasa, Tanga, Zanzibar, na yale yaliyotoka maeneo ya Japani yenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, funua zulia chini ya nguzo ya kati ya mlango na pembeni mwa siti ya nyuma. Gonga na ubonyeze kwa bisibisi. Wakaguzi wa Uingereza wanatumia eneo la sentimita 30 kuzunguka kishikizo. Bodi ikiwa imeoza humo, gari linaanguka ukaguzi. Ni kipimo kizuri, kiibeni. Rangi mpya nzito chini ya zulia, wakati pengine pote ni rangi ya kiwanda, itilie shaka.

Siti za mbele zina hatari nyingine. Kwenye magari mengi mkanda una pretenshona, kifaa chenye baruti kinachouvuta mkanda ukukaze wakati wa mgongano. Kiko ndani ya nguzo pamoja na rola, yaani kifaa kinachoukunja mkanda, au pembeni mwa siti, au kote kuwili. Soketi zake huwa za njano. Kabla ya kuzichomoa toa terminali hasi ya betri, usubiri: Toyota wanasema sekunde 90 kwa uchache, wengine dakika 3. Usipime pretenshona kwa mita ya umeme, hata kidogo. Na iliyokwisha kulipuka haikarabatiwi, inabadilishwa nzima.

Mlioko Marekani na Hyundai Sonata za 2011 hadi 2014, rikoli yenu ya Machi 2017 iligusa kiungo hiki hiki. Ncha ya mkanda wa nyonga inaingia kwenye pretenshona kwa kubonyeza mpaka iloki, na kwenye baadhi ya magari haikuwa imefika mwisho. Mwenye gari hawezi kujua kwa macho, maana mkanda unavaliwa kama kawaida na taa ya dashibodi inazimika. Tesla ilikuwa na tatizo la aina hiyo mwaka 2015, ikaita Model S zote, kama 90,000, na kipimo chao kilikuwa cha kuvuta mkanda kwa nguvu ya paundi 80, karibu kilo 36. Kwa hiyo ukimaliza kazi yoyote pembeni mwa siti ya mbele, shika mkanda karibu na sakafu, vuta juu kwa mikono miwili, kwa nguvu kweli, siyo kuugusagusa.

Rola pia ijaribiwe, lakini ikiwa imefungwa mahali pake. Ukiishika mkononi imeinama itajifunga yenyewe, ndivyo ilivyoundwa, msiitupe mkidhani imekufa. Ikiwa kwenye gari, uvute utepe taratibu uje, kisha kwa ghafla ukatae. Utoe wote mpaka mwisho uutazame pande zote mbili. Nyuzi zilizokatika ukingoni, sehemu iliyong'aa kama imeyeyuka, au alama ya kubanwa na mlango, yote hayo ni mkanda mpya. Kushona kwa fundi viatu hakukubaliki. Uchafu wa kawaida osha kwa sabuni laini na maji, jiki usiipeleke karibu.

Na mkinunua mkanda wa mtumba, ombeni utolewe gari likiwa mbele yenu. Gari ambalo mifuko ya hewa imening'inia, mkanda wake uachwe huko huko.