Mlango wa gereji umeharibika: urekebishe au ununue mpya?

Hapa Mombasa ukitaja gereji, mtu huwaza fundi wa magari na oili iliyomwagika. Mimi nasemea ile ya nyumbani, ya kulaza gari, ambayo mlango wake huliwa na chumvi kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla hujamwita fundi, chukua bisibisi, chuchumaa, uchokoe mlango chini kabisa, upana wa kiganja tu. Maji husimama hapo, na paipu za fremu zina uwazi: unyevu wa chumvi ukishaingia haukauki, chuma kinaoza kwa ndani na rangi ya nje ingali inang'aa. Bisibisi ikigonga "ti!", hicho ni chuma. Ikizama, umebaki na rangi.

Nikipanga machaguo, la kwanza ni kukata na kuunga, mradi fremu ya pembeni na ya juu ni nzima. Fundi akate mpaka afikie chuma safi, achomelee bati jipya, apake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Atoboe na vitundu chini, maji yapate pa kutokea.

La pili ni vipuri. Mlango wa kupanda juu ukiwa mzito au ukikwama upande mmoja, mara nyingi shida ni springi, waya au vigurudumu. Springi ya kawaida huundwa ifungue na kufunga kama mara 10,000. Ukifungua mara 4 kwa siku haifiki miaka 7, na chumvi nayo ina lake. Usiifungue mwenyewe! Imekazwa, ikichomoka inavunja mkono.

La tatu, mlango mpya wa chuma kilichopakwa zinki. Hapa ndipo watu hupigwa. Mimi niliwahi kuuziwa bati la geji 20 nikichekelea kwamba nimepita wa jirani wa geji 16. Kumbe geji ikipanda, bati linakuwa jembamba! Jambo jingine, zinki huungua panapochomelewa, kwa hiyo kila mshono upakwe rangi ya zinki.

Alumini naiweka ya nne kwa sababu ya bei. Ni nyepesi na haina kutu nyekundu, ila skrubu za chuma cha kawaida zikiigusa kwenye hewa ya bahari, alumini hulika pembeni mwake.

Kubandika bati juu ya kutu sikupangi popote. Huko ni kumvisha mgonjwa kanzu.

Bisibisi ikizama hata kwenye nguzo zinazobeba bawaba, au fundi akitaja zaidi ya nusu ya bei ya mlango mpya, nunua mpya. Ila mwambie akuite uuone kabla hajaupaka rangi, mishono ikiwa bado wazi.