TAHADHARI: Karavani ya milioni 38 "pamoja na sahani" inayouzwa Vingunguti

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya magari hapa Dar. Ni karavani ya Kimarekani, yaani tela lenye nyumba ya kusafiria ndani, nyeupe yenye mistari ya kahawia, aina ile ambayo pua yake inalala juu ya bodi ya pikapu badala ya kufungwa nyuma ya bampa. Bei milioni 38. Ukiongeza milioni 6 muuzaji anakufungia sahani, ile ya mgongoni kwa kichwa cha lori inayoshika pini ya tela, kwenye pikapu yoyote uliyonayo, "iwe Hilux iwe Navara, jioni unaingia Mikumi". Kama umeshaongea naye, usitume hata mia kabla hujasoma hii hadi mwisho. Milioni 5 za kaka yangu ziko mikononi mwake mpaka leo.

Mimi ni karani kwenye yadi ya malori. Kazi yangu ni kuandika mizigo, ekseli na risiti za mizani kila siku ya Mungu, kwa hiyo habari za kingipini (ndiyo hiyo pini ya tela inayoingia kwenye sahani) na sahani yenyewe si ngeni kwangu. Kaka alikuwa ameshatoa kishika uchumba, maana jamaa alimwambia kuna mteja wa Arusha yuko njiani na fedha taslimu. Kabla ya kumalizia zilizobaki akaniomba twende kukagua, nikamchukua na dereva wetu mmoja mtu mzima, aliyevuta matela tangu enzi za Scania zenye pua.

Jamaa anajua kuuza, hilo tumpe. Chesisi hakuonyeshi, matairi hakuonyeshi, anakupandisha ngazi moja kwa moja hadi jikoni. Friji lipo, jiko la gesi lipo, kochi la kona, kitanda kule juu puani. Shemeji yangu alipolikalia lile kochi nikajua hapa bei haibishaniwi tena. Wao wakiwa ndani, mzee wetu alikuwa amelala chali chini ya tela na tochi ya simu.

Tuanze na uzito, maana utapeli wenyewe umelala hapo, mengine yote ni ya kuusindikiza. Tangazo linasema kilo 2,900. Sasa, matela haya hutoka kiwandani na kibandiko upande wa kushoto, nje, karibu na pua. Kinaandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa tela likiwa limepakia, namba ya chesisi, saizi ya matairi na upepo wake. Kwenye hili tela sehemu hiyo ilikuwa imepulizwa rangi nyeupe, kiraka cha ukubwa wa kiganja, kipya kuliko ukuta wote. Mzee akakwangua kwa ukucha, ukucha ukashindwa, akatoa sarafu ya mia mbili. Ikaanza kuonekana tarakimu moja moja: kilo 5,670, na pembeni yake pauni 12,500.

Tukamwita jamaa. Akachungulia, akasema, "Aah, hiyo ni ya lori lililolibeba, bosi."

Tukamwambia basi twende tukapime. Akaanza kujikuna: mizani ni kupoteza hela, yeye kauza nyingi, hakuna mteja aliyewahi kumsumbua hivi. Kaka akamjibu hela inayopotea ni ya kwake. Maeneo yale kuna wanunuzi wa chuma chakavu wenye mizani ya magari, na kichwa cha yadi yetu hakikuwa mbali. Kingipini ya karavani hizi ni ya inchi 2, saizi ile ile ya matela mengi tunayoyaona Morogoro Road, kwa hiyo kichwa kiliibeba taratibu kwa mwendo mfupi. Safari ndefu usijaribu kabisa, springi za lori ni ngumu, utafika na kabati zote ziko sakafuni.

Jinsi ya kupima ni rahisi na inafaa kila mnunuzi aijue. Unapima kichwa au pikapu peke yake. Halafu unaibeba karavani, unapima gari tu, magurudumu ya tela yakiwa nje ya mizani. Mwisho unapandisha vyote viwili. Ukitoa namba ya kwanza kwenye ya pili, unapata mzigo unaokaa juu ya sahani. Ukitoa ya kwanza kwenye ya tatu, unapata uzito wa tela zima. Yetu ilitoka hivi: juu ya sahani kilo 910, tela zima kilo 4,480. Na lilikuwa tupu, tangi la maji halina tone, mtungi wa gesi haupo.

Kaka ana Hilux dabo kebini ya dizeli, injini ya 2.8. Kitabu chake kinasema mwisho wa kuvuta ni kilo 3,500, tena tela liwe na breki zake lenyewe. Hapo tumeshapita kwa karibu tani nzima kabla hujapakia hata sufuria. Lakini kinachosahaulika zaidi ni bodi. Tela la kufungwa nyuma ya bampa huegemeza kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. La sahani huegemeza 15 hadi 25. Hilux ya aina hiyo hubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na abiria. Weka hizo 910, weka sahani yenyewe na vyuma vyake, weka watu wanne, halafu niambie umebakiwa na nini. Nchini Marekani karavani za uzito huu huvutwa na pikapu kubwa kama Ford F-250 na Ram 2500, si hizi zetu za kwendea shamba Kibaha.

Jamaa alipoonyeshwa risiti ya mizani akasema, "Lori linavuta tani 30, gari yako ishindwe na nyumba ya bati?" Wakuu, lori linavuta tani 30 kwa sababu lina ekseli za kuzigawana, na bado likifika mizani ya Vigwaza linapimwa ekseli moja moja. Halafu wengi hawajui kwamba kupimwa pale si kwa malori makubwa peke yake. Gari la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupanda mizani.

Sasa sahani. Pale uani kwake kulikuwa na dabo kebini ya mteja mwingine iliyokwisha kufungwa, yeye ndiyo anayoitumia kama sampuli. Mzee wetu aliitazama akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Ni sahani iliyochakaa ya lori, imekatwa ikapunguzwa, ikachomelewa miguu minne ya chuma cha pembe, kisha ikafungwa kwa bolti kwenye bati la bodi. Narudia, bati la bodi. Ukiinama chini huoni kitu chochote kinachoishika chesisi. Bolti zenyewe vichwa vipara. Bolti ya kazi hii huwa na namba kichwani, 8.8 au 10.9, ndiyo inayokuambia nguvu ya chuma. Hizi ni za dukani za kufungia geti.

Halafu angalia ilipokaa. Sahani ya pikapu hukaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, ili mzigo ushuke kwenye magurudumu yote. Hii ilikuwa nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa bodi. Mzee akachukua futi akapima, na sababu ikajulikana. Karavani ina upana wa kama mita 2.4. Ukikata kona kali, pembe ya pua inahitaji zaidi ya mita 1.2 kutoka kwenye pini kabla haijagusa kabini. Dabo kebini ina bodi fupi ya kama mita 1.5, na kutoka ekseli hadi kioo cha nyuma nafasi hiyo haipo. Angeifunga mahali pake, mteja angevunja kioo kwenye kona ya kwanza akarudi kugomba siku hiyo hiyo. Kwa hiyo akaisogeza nyuma. Kioo kimepona, lakini sasa kilo 910 zinakalia mkia wa gari na kunyanyua pua. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopinda kona na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki. Usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na wewe unashuka Kitonga na familia.

Wenzetu wenye bodi fupi hutumia sahani inayoteleza: inarudi nyuma wakati wa kukata kona polepole, kisha inarudi mahali pake. Huyu hana habari nayo. Nilipomuuliza alisema ni ya matajiri.

Breki sitakaa sana. Magurudumu ya karavani hizi yana breki za umeme, zinazoamrishwa na kontrola inayofungwa karibu na dereva. Plagi ni ya pini saba. Kwake zimeungwa za taa tu, waya wa breki umekatwa na kufungwa selotepu. Kuna pia kawaya kembamba ambako ukikachomoa, kama vile tela limekatika barabarani, breki zote zinatakiwa kujishika zenyewe. Tukakachomoa, tukasukuma tela, likatembea. Jibu lake: "Breki za gari zinatosha."

Umeme wa ndani ni wa Kimarekani, volti 120. Yeye anawaambia watu wachomeke tu kwenye soketi ya nyumbani. Tanesco ni 230, utaunguza kila kilichomo siku ya kwanza usipoweka transfoma. Na mlango uko upande wa kulia, maana kule wanaendesha kulia. Huku kwetu ukiegesha pembeni mwa barabara, mtoto anashuka ngazi katikati ya njia ya magari. Hilo si kosa la muuzaji, tela limeumbwa hivyo, ila alipaswa kulisema.

Tukija kwenye makaratasi, ndipo hata kaka akaacha kubisha. Tangazo linasema toleo la 2019. Namba ya chesisi ya tela la Kimarekani ina herufi na tarakimu 17, na ya kumi ndiyo inayotaja mwaka wa toleo: 2019 ni K. Kwenye fremu, chini ya kutu kidogo, ya kumi ilikuwa B. Hiyo ni 2011. Matairi mawili yana namba nne za mwisho 0911, yaani wiki ya tisa ya mwaka 2011, kwa hiyo raba ni ile ile ya kiwandani. Akatoa na nakala ya TANSAD, ile hati ya forodha ya mzigo, kuonyesha ushuru umelipwa. Tuliposoma namba ya chesisi kwenye karatasi haikufanana na ya kwenye fremu hata mwanzo, na maelezo ya mzigo yalikuwa ya tela la kubebea mizigo. Kumbukeni tela husajiliwa lenyewe, na kadi yake, na namba yake. Kadi ya pikapu hailifuniki. Yeye kadi hana, anasema "inatoka wiki ijayo".

Kaka akasema basi, anaomba hela yake. Hapo ndipo utamu wa maneno ulipoisha. Kwanza advansi hairudi. Halafu fundi keshakata chuma. Halafu bosi mwenyewe yuko China. Risiti aliyompa ni ya kuandika kwa mkono yenye mhuri wa duara, haina TIN, si ya mashine ya EFD, kwa hiyo huna cha kuhakiki TRA. Hela ilitumwa kwenye namba ya simu, na jina lililotokea kwenye muamala silo lililopo kwenye risiti, wala silo analotumia kwenye tangazo. Tumekwenda kituoni, tuna RB, na maelezo yamechukuliwa. Baada ya hapo akaanza kuwatumia ndugu zetu ujumbe wa vitisho kwa namba nyingine, tukauelekeza 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa utapeli.

Tangazo sasa limerudi upya. Jina jingine, namba nyingine, bei imeshuka hadi milioni 33, na eneo wanaandika "Tegeta" ingawa ukitaka kuliona unaelekezwa Vingunguti. Picha ni zile zile. Dirisha la pili kutoka mlangoni lina bonyeo chini ya kona ya kushoto, na kwenye picha ya tatu ukivuta karibu utakiona kile kiraka cheupe, wamekipuliza tena. Mwenye ile dabo kebini ya fedha iliyokwisha kufungwa sahani, kama unasoma hapa au kuna anayekufahamu, usiitundike tela yoyote kabla hujaipeleka kwa fundi mwingine ainame chini. Risiti ya mizani na picha ya namba ya chesisi ninazo, ukizihitaji kwa ajili ya kesi yako nitumie ujumbe faragha nikupe.