Spitfire ya DCS: ndege inayotaka miguu

Naendesha Fuso la mizigo, na siku za mapumziko narusha Spitfire LF Mk IX, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji wa ndege. Huu ni mwezi wa nane tangu niwe nayo. Wanaoniuliza habari zake huanza na silaha: mizinga miwili ya milimita 20 na bunduki nne ndogo, zinatosha. Mimi nitaanza chini, kabla haijapaa, maana hapo ndipo watu wengi huikatia tamaa.

Breki zake ni za upepo, kama za lori. Kuna wenzo mdogo kwenye kishikio cha kuendeshea. Ukiubana, breki zinashika, na ukikanyaga pedali ya upande mmoja, gurudumu la upande huo linashikwa zaidi. Ukizipigapiga ovyo, geji ya upepo inashuka. Dereva wa Fuso hahitaji kufundishwa hilo: gusa, achia, gusa tena. Magurudumu yamekaribiana na pua ndefu imeziba mbele, kwa hiyo unakwenda ukipinda kushoto na kulia ili uone njia. Muda wote huo injini ya Merlin 66 inazidi kupata moto, kwa sababu rejeta ziko chini ya mabawa na ndege isipokimbia hazipati upepo wa kutosha. Ukizubaa, inachemsha.

Kupaa nako kuna mambo yake. Propela inazungukia kulia ukiitazama kutoka kitini, na pua inavutwa kushoto. Kabla ya kuondoka nazungusha lote kulia lile gurudumu dogo la kurekebisha usukani wa mkia, kisha naongeza moto taratibu, mguu wa kulia ukiwa tayari. Usisubiri pua ihame ndipo ukanyage; utakuwa umechelewa, na ukikanyaga kwa hofu itarukia upande wa pili.

Wenzo wa kukunja magurudumu uko kulia, kwa hiyo rubani analazimika kushika kishikio kwa mkono wa kushoto. Kitufe changu nimekiweka kulia mwa meza makusudi, nibadilishe mikono kweli. Mara za kwanza ndege ilipanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, kwani pua yake huitika kwa mguso mdogo sana. Nenda kwenye mipangilio upunguze ukali wa kishikio katikati; tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Angani ni raha tupu. Ukivuta kona kupita kiasi, inatetemeka kwanza. Ulegeze kidogo tu, inaendelea kuzunguka. Bf 109 K-4, ndege ya kivita ya Wajerumani ambayo nayo nimeirusha humo humo, inapanda vizuri mno, lakini ikishika kasi kubwa kishikio kinakuwa kizito, na usukani wake wa mkia huwezi kuurekebisha ukiwa angani. Mguu unachoka. Kwa vita vya kona, mimi nachagua Spitfire bila kusita.

Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kusaidia kutua, zina hali mbili tu: juu au chini kabisa. Ukishagusa ardhi, miguu isilale mpaka ndege isimame. Nimevunja mabawa mengi kwa kudhani nimeshatua, wakati mwendo bado ulikuwepo.

Kama huna pedali za miguu, nunua hizo kwanza, ndege baadaye. Kuna msaada wa kupaa kwenye mipangilio, nami niliutumia wiki mbili za mwanzo kisha nikauzima. Na kabla hujatoa hela yoyote, jaribu TF-51D, Mustang ya mafunzo inayokuja bure na DCS: haina silaha, magurudumu yake yameachana vizuri, inasamehe zaidi. Ramani ya Normandy, yaani eneo la kurukia, inauzwa peke yake. Mimi nilijifunzia kwenye ile ya bure ya Caucasus, na uwanja wa kutua ni uwanja tu.