Kola tatu nilizomvalisha paka wangu: nunua inayofunguka

Karibuni sana wapenzi watazamaji. Leo niko nyumbani, Tabata, na huyu hapa mapajani ni Chausiku, paka wangu mweusi tii, ana kilo 3 na nusu. Wengi mmeniuliza paka avalishwe kola gani, yaani ule ukanda wa shingoni. Kwa miezi mitano nimemvalisha aina tatu, moja baada ya nyingine, na zote nimezileta mezani, pamoja na ile iliyotaka kumuua.

Naanza na hiyohiyo. Hii nyekundu, ya nailoni, kifungo chake ni cha chuma, kama cha mkanda wa suruali. Niliinunua Kariakoo shilingi 4,000, na kwa macho ni nzuri kweli, imeshonwa vizuri. Lakini ukishaifunga, haifunguki mpaka mkono wa mtu uifungue. Wiki ya tatu, alfajiri, nikasikia kitu kinakwaruza ukuta nje. Nikatoka na tochi ya simu. Chausiku amenasa kola kwenye ncha ya chuma, zile tunazochomelea juu ya ukuta kuzuia wezi, ananing'inia, miguu ya nyuma inatafuta pa kukanyaga. Nilimwinua kwa mkono mmoja, mwingine ukahangaika na kile kifungo, na mikono yote inatetemeka. Jamani, tazameni nyumba zetu. Nondo, seng'enge, vipande vya chupa ukutani, grili za madirisha, mpera wa jirani. Paka wa Dar ndiko anakopita kila usiku. Hii sitamvalisha tena, wala sitampa mtu.

Ya pili ni ya lastiki. Wauzaji wanakwambia ni salama kwa sababu inavutika. Kuvutika kwenyewe ndiyo hatari. Paka akijikuna, mguu wa mbele unaweza kupenya ndani, kola ikakaa kwapani na kukata ngozi kidogo kidogo. Wa kwangu hakunasa mguu, alinasa taya. Nilimkuta jikoni mdomo wazi, mate yanamtoka, anarudi kinyumenyume. Mimi nilikuwepo. Angekuwa huko mabondeni siku mbili ingekuwaje? Pita nayo mbali.

Sasa hii ya bluu. Kifungo chake ni cha plastiki, vipande viwili vinavyoshikana kwa meno mafupi, na ikivutwa kwa nguvu meno yanateleza, vinaachana vyenyewe. Paka akinasa, kola inabaki mtini, yeye anashuka. Hii ndiyo ninayoisimamia. Ila muwe makini, kwa sababu mezani kwa muuzaji kuna nyingine zinafanana nayo kabisa, za kifungo cha kubana pembeni kama cha begi la shule, na hizo haziachii.

Usibishane na muuzaji, ipime nyumbani. Angalieni. Naifunga kola, naining'iniza kwenye kitasa cha mlango, halafu natundika mfuko wa sukari kilo 2, yaani chini ya uzito wa Chausiku. Ya bluu hii hapa... imeachia, mmeiona. Sasa hii nyeusi niliyouziwa kama ni ya aina hiyohiyo. Kilo 2, imeshika. Naongeza, kilo 4, bado imeshika. Paka wangu hafiki kilo 4! Hiki ni kitanzi. Na mwenye mtoto wa paka apime kwa uzito pungufu zaidi, maana kinachofunguka kwa paka mkubwa kinaweza kumgomea mdogo. Ukimvalisha, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Mtoto wa paka mkague kila wiki, shingo inanenepa haraka.

Mtaniuliza, kama inafunguka si itapotea? Ndiyo, itapotea. Mimi zimenipotea mbili. Lakini msivunjike moyo: Marekani waliwavalisha paka 538 kola za aina mbalimbali, utafiti ukatoka mwaka 2010, na karibu robo tatu yao walizivaa miezi sita yote. Paka huzoea. Siku mbili za mwanzo atajikuna na kutembea kama kabebeshwa mzigo, kisha anasahau.

Kwa sababu itapotea, kuiandika namba yako ya simu kwenye kola kusigharimu sana. Kibati cha kuning'inia kilinisumbua, kinagonga bakuli la chakula na pete yake inafunguka. Maka peni nayo inafifia kwa jua na mvua. Nilichofanya, nilimpelekea kola yule fundi anayedarizi majina kwenye masweta ya shule. Akanidarizia tarakimu 10 kwa uzi mweupe, zinasomeka bila kumshika paka. Ni namba tu, jina lake halina kazi hapo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Paka mweusi mtaani kwetu akitua dirishani kwa mtu usiku, anarushiwa jiwe, kwa sababu kuna watu wanaamini katumwa. Tangu avae namba, nimepigiwa mara mbili. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma aliniambia, "Mwanangu, paka wako yuko kwangu, kalala juu ya mkeka, uje umchukue." Nilikwenda na embe, nikamwamkia shikamoo, tukazungumza mpaka magharibi. Kabla ya kola asingejua ampigie nani.

Kuhusu chipu ya chini ya ngozi: ni ndogo kama punje ya mchele, haina betri, ina namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine maalumu. Haionyeshi paka alipo, wengi wanakosea hapo. Uingereza, yaani England, wameifanya lazima kwa paka wa kufugwa tangu tarehe 10 Juni 2024, na ukitaka kumpeleka paka nchi za Umoja wa Ulaya utatakiwa uwe nayo. Ni nzuri, haidondoki. Lakini kabla hujalipa, muulize daktari wa mifugo kama ana mashine ya kuisoma na namba yako itaandikishwa wapi. Jirani hana mashine, ana macho na simu, kwa hiyo kola haiachwi hata ukiweka chipu.

Na kola za viroboto, soma pakiti. Ikiandikwa permethrin, dawa ya kuua wadudu, au ikiwa ni ya mbwa, usimvalishe paka. Ni sumu kwake.

Chausiku, geuka wakuone. Hii aliyovaa ni ya tatu ya bluu. Nyingine mbili za akiba ziko kwa fundi, ameniambia nizifuate Ijumaa.